Kile Kitufe cha SOS Kwenye Gari: Historia ya Kulipia Msaada Barabarani, na Kama Huku Mpanda Inalipa

Leo tunaanza na umbea kidogo, halafu tunaingia kwenye historia. Mliokuja kwa ajili ya umbea tu naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana mwishoni kuna hela yako.

Kuna bosi mmoja hapa Mpanda mjini. Jina silitaji, na msije mkamtaja kwenye komenti, nitafuta. Tumuite Bosi inatosha. Huyu Bosi alishusha Crown kutoka Dar, gari safi kabisa, na kwa wiki nzima status zake zilikuwa hiyo gari tu. Kwenye video moja akaonyesha kitufe kilichopo juu, karibu na taa ya ndani, akasema gari yake ina msaada wa dharura, ukipata tatizo unabonyeza tu, watu wanakuja. Tukaweka moto na makopakopa. Nani alikuwa anajua?

Masika yakafika. Bosi akawa anatoka Sumbawanga na mama yake mzazi, giza limeshaingia, wako ndani ya hifadhi kabla ya kufika Sitalike. Nyati akakatiza. Bosi akakwepa, gari ikaingia mtaroni. Mama mkono umevunjika, analia. Bosi akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akachukua simu, mtandao hakuna. Wakakaa pale, kwenye pori lenye simba, mpaka Fuso la mpunga kutoka Majimoto lilipopita. Dereva akasimama, mama akawekwa mbele, wakaja nae Mpanda hospitali. Stori hii nimepewa na utingo wa hilo hilo Fuso. Mama alipona, tunamshukuru Mungu.

Sasa kwa nini naandika leo? Kwa sababu kuna jamaa wanapita gereji kwa gereji hapa mjini wanauza kifaa cha kufunga kwenye gari. Kina ramani, kina kengele ya wizi, kina kitufe cha dharura. Unalipia kukifunga, halafu unalipia kila mwezi. Na nasikia Bosi kafunga kwenye gari zake zote tatu. Watu wananiuliza inbox: je, inalipa?

Mimi siyo fundi, na shule niliishia form four. Ila historia nilikuwa naipenda, na swali hili lina historia ndefu kuliko mnavyodhani. Twende nalo taratibu.

Kitufe cha Bosi kilikuwa cha kweli

Kwanza nimtetee Bosi. Hakudanganya. Kile kitufe kweli kilikuwa cha msaada, ila cha Japani.

Mwaka 2000 kule Japani ilianza huduma inaitwa HELPNET. Ukipata ajali unabonyeza kitufe, au gari yenyewe inapiga ikiona mifuko ya hewa imefunguka. Simu inapokelewa na mtu kwenye kituo, anaona kwenye ramani upo wapi, anakuunganisha na polisi au gari la wagonjwa. Toyota wakaiweka kwenye baadhi ya magari yao ya bei, zikiwemo Crown na Lexus, pamoja na huduma yao ya intaneti ya kwenye gari iliyoitwa G-BOOK, iliyoanza 2002. Mwenye gari alijisajili ndipo ikafanya kazi.

Sasa gari ile ile ikachoka Japani, ikauzwa mnada, ikapanda meli, ikashuka bandari ya Dar, ikaja mpaka Mpanda. Kitufe kikaja nacho. Lakini mkataba haukupanda meli. Laini ya simu iliyo ndani ya gari ni ya Japani, kituo cha kupokea kipo Japani, polisi wanaoitwa ni wa Japani. Na hata kule kwao, huduma ya G-BOOK ilifungwa tarehe 31 Machi 2022, siku ile ile ambayo kampuni ya simu ya KDDI ilizima mtandao wake wa 3G. Kwa hiyo Bosi alikuwa anabonyeza mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Shikeni hilo. Kitufe ni plastiki na waya. Unacholipia ni vitu viwili: njia ya sauti yako kufika, na mtu wa upande wa pili wa kuja. Kimoja kikikosekana, umenunua pambo.

Turudi nyuma: Karema

Huku kwetu Katavi tatizo hili ni la zamani kuliko gari. Nendeni Karema, ufukweni Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia mapadre wa White Fathers. Enzi hizo ujumbe wa kwenda pwani ulibebwa kwa miguu na misafara, na ilikuwa ni habari ya miezi. Ukiumwa leo, barua inafika ukiwa umeshapona au umeshazikwa.

Lakini Karema walikuwa na kitu ambacho sehemu nyingi hawakuwa nacho: mtu wa upande wa pili. Aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa huko karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, mapadre wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta. Akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 65, mtu mmoja, sehemu moja. Bongo tunaposti mastaa wa kila aina lakini huyu hatumposti, na ni wa mkoa wetu.

Sasa fikiria. Daktari yupo Karema, mgonjwa yupo kijiji cha mbali porini. Daktari ana dawa, lakini nani anamwambia? Bosi alikuwa na kitufe bila mtu. Wazee wetu walikuwa na mtu bila kitufe.

Reli, na simu ya kilo 36

Mpanda mjini yenyewe hadithi yake ni ya reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili wazungu walitaka risasi, yaani madini ya risasi, kwenye mgodi wa Mukwamba, na reli ikakatwa kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ikafika hapa mwaka 1950. Na reli haitembei bila mawasiliano. Stesheni lazima iiambie stesheni inayofuata kwamba treni imetoka, la sivyo treni mbili zinakutana uso kwa uso. Kwa hiyo mawasiliano ya haraka huku yalikuja kwa sababu ya mzigo, siyo kwa sababu ya mgonjwa. Mgonjwa alidandia tu.

Wakati huo huo Marekani walikuwa wameshaanza kuweka simu kwenye gari. Ilikuwa St. Louis, Juni 1946. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo kama 36, yaani unabeba mfuko wa simenti kasoro kidogo kwenye buti ili upige simu. Ililipiwa kwa mwezi, na kila simu ikalipiwa juu yake. Mnaona? Kulipia kwa mwezi siyo ujanja wa hawa jamaa wa gereji. Huduma ya simu kwenye gari ilizaliwa hivyo hivyo.

Lakini ile ilikuwa simu ya biashara na watu wenye pesa. Kwenye mambo ya dharura, huku huku Afrika Mashariki nako walianza mapema. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka na ndege huku Afrika Mashariki. Ndiyo AMREF tunayoijua leo. Ndege bila taarifa ni bure, kwa hiyo miaka ya 1960 wakajenga mtandao wa redio kuunganisha hospitali za misheni na vituo vya mbali. Redio upepo, wazee wanaita. Muuguzi anabonyeza, anaongea, Nairobi wanasikia.

Uzuri wa redio ile ni kwamba haihitaji mnara karibu. Mawimbi yake yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa, yanarudi chini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana iliwezekana sehemu kama zetu kabla hata ya ndoto ya simu ya mkononi. Hizo redio ndizo zilikuwa kitufe cha SOS cha baba zetu. Ila ilikuwa moja kwa kituo kizima, na ukiwa barabarani ulikuwa peke yako.

Na hawa AMREF mpaka leo wanauza uanachama wa mwaka, unaitwa Maisha. Unalipa mapema, ukipata dharura ndege inakuja kukuchukua. Kwa hiyo kulipia msaada kabla ya shida siyo upuuzi. Swali ni unalipia nini hasa.

Simu inaingia mfukoni

Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Ndiyo hiyo ikaja kuwa Buzz, ikawa Tigo, sasa Yas. Vodacom ikaingia 2000, Celtel ikafuata 2001, hiyo ndiyo Airtel ya leo. Mwanzoni simu ilikuwa ya watu wa mjini wenye suti. Minara ilifuata watu na pesa: kwanza Dar, halafu miji mikubwa, halafu barabara kuu, halafu sisi. Serikali ilipoona kampuni haziendi vijijini kwa sababu hakuna faida, mwaka 2006 ikatunga sheria ya mfuko wa mawasiliano kwa wote, UCSAF, ili minara ifike sehemu ambazo biashara haivutii. Yaani sehemu kama Katavi, ambayo yenyewe imekuwa mkoa mwaka 2012 tu, baada ya kumegwa kutoka Rukwa.

Wakati sisi tunasubiri mnara, Marekani General Motors wakatangaza OnStar mwaka 1996, ikaanza kwenye Cadillac. Hiyo ndiyo baba wa huduma zote za aina hii. Kitufe juu ya kichwa, mtu anapokea saa 24, mifuko ya hewa ikifunguka gari inapiga yenyewe, na ukifunga funguo ndani wanakufungulia mlango kwa mbali. Unalipia kwa mwezi. Wamarekani walibishana kweli: wengine wanasema imeokoa maisha yao, wengine wanasema simu ninayo mfukoni, nalipia mara mbili ya nini?

Halafu likatokea jambo la kujifunza. OnStar za mwanzo zilitumia mtandao wa simu wa analojia. Mwanzoni mwa 2008 kampuni za simu za Marekani zikaruhusiwa kuuzima, na gari zilizokuwa na kifaa cha zamani zikapoteza huduma. Gari inatembea vizuri, injini safi, kitufe kimekufa. Miaka 14 baadaye ikaja 3G, stori ikajirudia kule Marekani na Japani. Gari inaishi miaka 20, 30. Mtandao wa simu haukai muda huo. Anayekuuzia kifaa leo muulize laini iliyo ndani ni ya 2G, 3G au 4G. Akianza kukohoa, umepata jibu.

Ulaya wao walikata shauri tofauti. Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari ndogo inayoidhinishwa Umoja wa Ulaya lazima iwe na kitufe kinachopiga 112, na mwenye gari halipii kwa mwezi. Waliona hivi: kujulikana kama upo mtaroni unavuja damu siyo anasa ya kulipia kama king'amuzi. Ni haki kama polisi.

Bongo: kifaa kinamlinda nani?

Turudi nyumbani. Huku kwetu huduma ya kulipia kwenye gari ilikuja kwa mlango mwingine: wizi na uaminifu wa madereva. Bosi yupo Mpanda, lori lipo Tunduma, anataka kujua dereva kalala wapi. Hapo ndipo vifaa vya kufuatilia gari vikashika soko.

Vinafanya kazi hivi. Kifaa kinasikiliza setilaiti za GPS, kinajua kilipo. Mpaka Mei 2000 Marekani walikuwa wanaivuruga makusudi ile ya watu wa kawaida, walipoacha ndipo usahihi ukapanda na biashara hii ikashamiri. Lakini setilaiti zile hazijui wewe upo wapi. Ni kifaa ndicho kinachojua, na kukuambia ni lazima kitumie laini ya simu iliyo ndani yake, Voda au Airtel au nyingine, kama simu yako tu. Hakuna mnara, hakuna taarifa. Vingi vinatunza kumbukumbu halafu vinatuma vikirudi kwenye mtandao. Kwa kumkamata dereva anayeuza mafuta, hiyo inatosha kabisa. Kwa mama aliyevunjika mkono porini, taarifa inayotumwa baada ya gari kuvutwa mpaka mjini inamsaidia nini?

Serikali nayo ikaona matumizi. SUMATRA, ambayo tangu 2019 nafasi yake imechukuliwa na LATRA, ikaweka mfumo wa kufuatilia mabasi ya mikoani, VTS. Basi likizidisha mwendo, kilomita 80 kwa saa, wanaona. Baadaye ikaongezwa kitufe cha utambuzi, dereva anakigusisha ili ijulikane nani yupo kwenye usukani na kaendesha masaa mangapi. Na mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya kulala njiani, mfumo huo ulikuwa mmoja ya sababu za serikali kupata ujasiri.

Mimi ni mtu wa mabasi, nasafiri Mpanda–Tabora mara kwa mara. Zamani hiyo njia ya Koga ilikuwa vumbi na matope, unashuka umekuwa rangi ya tofali. Sasa ni lami, na lami imeleta mwendo, na mwendo unaleta ajali mbaya zaidi. Kwa hiyo kwenye basi nasema kifaa kinalipa, tena kinalipa kwangu mimi abiria ambaye sijachangia hata mia. Siyo kwa sababu kitakuja kuniokoa. Ni kwa sababu kinamfanya dereva asinifikishe pale pa kuokolewa.

Hapo ndipo wengi wanachanganya. Kifaa cha kufuatilia gari na huduma ya dharura ni vitu viwili tofauti, hata kama vimo kwenye boksi moja.

Huduma ambayo hulipii

Sasa niwaambie kitu ambacho wengi wetu hatukijui mpaka yatukute. Kuna huduma ya gari, simu na dharura iliyobuniwa hapa hapa Tanzania, na mgonjwa halipii. Inaitwa m-mama.

Ilianza Kanda ya Ziwa, Sengerema, halafu ikaenda Shinyanga, kwa ushirikiano wa serikali, Vodafone na wadau wengine. Mwaka 2022 ikazinduliwa kusambazwa nchi nzima. Ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ndugu au muuguzi anapiga 115, bure. Anayepokea anauliza maswali, anapima uzito wa tatizo kwa programu aliyonayo, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama gari la wagonjwa halipo au lipo mbali, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo, mwenye teksi au gari lake, ambaye alishasajiliwa na kupewa mafunzo. Dereva anampeleka mama hospitali, na analipwa kwa M-Pesa.

Soma tena hapo, mdau. Hawakuanza na kitufe. Walianza na swali: huyu dereva tayari yupo kijijini, ana gari, ana simu, kwa nini haji? Jibu: hajui nani anamhitaji, na hana uhakika nani atalipa mafuta. Wakatatua hayo mawili. Gari ni ile ile, barabara ni ile ile, simu ni ya tochi. Kilichoongezwa ni mtu wa kupokea na ahadi ya malipo.

Yaani ni dereva wa Fuso la Majimoto, ila ameandaliwa kabla.

Dereva yule alisimama kwa utu wake tu. Hakulipwa, na nasikia alikataa hata hela ya soda. Lakini alipita kwa bahati. Tofauti ya bahati na huduma ni kwamba huduma kuna mtu kaipanga jana yake.

Haya, inalipa au hailipi?

Nitasema ninavyoona, mnaruhusiwa kunipinga.

Kama una gari ya biashara ambayo hauendeshi mwenyewe, basi, lori, Noah ya abiria, lipia kifaa cha kufuatilia. Utaokoa mafuta, utaijua gari yako, na ikiibwa una pa kuanzia. Hiyo ni hesabu ya biashara na inajibu.

Kama ni gari yako binafsi na unaishi mjini, unatoka Makanyagio kwenda sokoni na kurudi, kitufe cha dharura cha kulipia sioni kinachoongeza. Simu unayo, watu wapo, 112 ni bure hata huna vocha. Tuseme wanakuchaji elfu 15 kwa mwezi, kwa mwaka ni laki moja na elfu 80. Hiyo pesa nunua tairi zuri.

Kama unasafiri njia ndefu, Sumbawanga, Tabora, Uvinza, Karema, hapo ndipo unahitaji msaada kweli, na hapo hapo ndipo kifaa kinaweza kukosa mtandao. Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize muuzaji maswali matatu, na akujibu mbele ya shahidi.

La kwanza: nikibonyeza, nani anapokea? Mtu, saa 24, au meseji inaenda kwenye simu ya mke wangu? Kama ni meseji kwa mke wangu, hiyo naweza kutuma mwenyewe.

La pili: inapita njia gani? Kama ni laini ya simu, basi mtandao ukikata kwangu na yenyewe imekata. Mwambie mtoke wote mpaka ndani ya hifadhi, abonyeze pale mbele yako. Anayejiamini atakubali.

La tatu: nani anakuja? Wana gari ya kuvuta hapa Katavi? Wana mkataba na yeyote Mpanda, au kituo kipo Dar na wao kazi yao ni kupigia polisi wa Mpanda, ambao hata wewe unaweza kuwapigia?

Majibu yakiwa mazuri kwa yote matatu, lipa, tena usiombe punguzo. Likikosekana moja, unanunua status.

Na mambo ya bure fanyeni. Kabla ya kuingia hifadhini mtumie mtu meseji: natoka Kibaoni saa hizi, nisipofika Mpanda saa fulani nitafuteni. Hiyo inafanya kazi hata mtandao ukikata, maana ukimya wako ndiyo kengele. Beba laini za mitandao miwili, power bank, tochi. Angalia bima yako kubwa kama inalipia kuvuta gari. Hifadhi 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 115 ya kina mama. Na ukiona gari mtaroni usiku, najua kuna uoga wa majambazi, lakini angalau ukifika penye mtandao piga simu, taja sehemu ulipoiona.

Kuhusu Bosi, ameniblock baada ya kusikia naandika hii. Sawa tu. Nasikia namba ya dereva wa Fuso ameihifadhi, na kila akisafiri njia ile anampigia kwanza kumuuliza kama yupo barabarani. Hiyo huduma nayo hailipiwi kwa mwezi.

Sasa kazi yenu wadau. Nataka tutengeneze orodha. Kila anayepita njia za Katavi aandike kwenye komenti: sehemu gani mtandao unakata, laini gani inashika na ipi haishiki, na kijiji cha karibu chenye gari ni kipi. Namba za watu msiweke hapa, taja sehemu tu. Nitazipanga kwa njia moja moja na kuziposti, kila mtu aweke kwenye simu yake kabla ya kuwasha gari. Anayeanza na kipande cha Sitalike ni nani?